Samba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asili yake, uchezaji wake na safari yake duniani

Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowatatiza hata waliokwisha kujifunza. Jambo likishaelezwa mahali pamoja hatulirudii. Tunakuelekeza swali la kutazama.

## Misingi

Samba ni muziki, ni uchezaji au ni sherehe?

Ni vyote vitatu, na msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Sisi nasi tukisema "ngoma" huenda tunakusudia chombo kinachopigwa, au uchezaji, au shughuli nzima ya usiku ule. Brazil ni hivyo hivyo: kuna samba ya kuimbwa, samba ya kuchezwa, na samba ya kukusanyika.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama unajua samba, muulize kwanza: ipi? Aina zinazokutana na watu zaidi ni hizi: *samba de roda*, ngoma ya duara ya Bahia (jimbo la kaskazini-mashariki mwa Brazil), *samba no pé*, ile ya mtu mmoja mmoja inayoonekana kwenye kanivali ya Rio, *samba de gafieira*, ya wawili wawili ukumbini, na samba ya mashindano ya dansi ya kimataifa, ambayo imekwenda mbali na ndugu zake kiasi kwamba Mbrazili wa kawaida haitambui.

Ilianzia Angola au Brazil?

Ilizaliwa Brazil, na damu yake kubwa ni ya Afrika. Hakuna ngoma iliyobebwa nzima nzima kutoka Luanda ikashushwa Bahia ikiitwa samba. Walioshushwa ni watu. Waafrika wapatao milioni 4.8 walifikishwa Brazil wakiwa watumwa, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Kuingiza watumwa kulikomeshwa kwa sheria ya 1850, na utumwa wenyewe ukafutwa tarehe 13 Mei 1888.

Sehemu kubwa ya watu hao walitoka Angola na Kongo, wasemaji wa Kimbundu, Kikongo na lugha nyingine za Kibantu. Wareno waliita ngoma zao zote kwa jina moja la jumla, *batuque*. Yanayosimuliwa kuhusu batuque ni mambo ambayo mtu wa Tanga au Kilwa angeyatambua mara moja: watu wamefanya duara, makofi yanapigwa, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, mchezaji mmoja yuko katikati, na anapochoka humchagua wa kumpokea.

Upande wa Wareno ulichangia magitaa madogo, tari na namna ya kutunga beti. Samba ilitokana na mchanganyiko huo, lakini umbo la duara na mdundo ni la Kiafrika.

Neno "samba" lina maana gani? Lina undugu na Kiswahili?

Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba limetoka kwenye *semba* ya Kimbundu, yaani kugonganisha vitovu. Ndiyo ishara ya kumwalika mwenzako: unamsogelea, unamgusa tumbo kwa tumbo, naye anaingia duarani. Wareno waliiita *umbigada*, kutoka neno lao la kitovu. Wapo wataalamu wanaotoa asili nyingine za Kibantu, na mjadala haujafungwa. Neno lenyewe lilikwisha kuchapishwa Brazil mwaka 1838, katika gazeti la *O Carapuceiro* la Recife.

Undugu na Kiswahili upo, ila ni wa ukoo mpana. Kimbundu na Kiswahili zote ni lugha za Kibantu. Semba kwa wingi ni *massemba*, na mzungumzaji wa Kiswahili anaisikia hapo ile ma- ya shoka na mashoka. Chombo cha kupiga kwa Kimbundu ni *ngoma*, kama kwetu. Hata Brazil neno hilo halikufa: wachezaji wa *jongo*, ngoma ya mashamba ya kahawa ambayo wengi wanaihesabu kuwa mzazi mmojawapo wa samba ya Rio, huita ngoma zao *angoma*.

Jihadhari tu na maneno yanayofanana kwa sura. *Kitanda* ya Kimbundu ni soko, na ndiyo iliyozaa *quitanda*, kibanda cha mboga na matunda Brazil. Si cha kulalia.

Semba, samba na kizomba ni kitu kimoja?

Hapana, na mchanganyiko huu tunaukuta kila wiki. Semba ya leo ni muziki wa mjini wa Luanda uliokua katikati ya karne ya 20. Kundi la Ngola Ritmos, lililoanzishwa 1947, lina nafasi kubwa katika historia yake. Huchezwa wawili wawili. Kizomba ilitokana na semba hiyo miaka ya 1980, ikapunguzwa kasi na kuchanganyika na zouk, muziki wa visiwa vya Antili huko Karibi. Samba ni binamu aliyevuka bahari karne kadhaa kabla.

Ukitaka kuona umbigada ikiwa hai Angola, tafuta *rebita* ya Luanda: wachezaji huzunguka jozi jozi, na ikifika amri hugonganisha matumbo.

Je, watu wa Afrika Mashariki walihusika?

Kwa upande wa Msumbiji, ndiyo. Mikataba ya Uingereza na Ureno ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilipoibana biashara ya watumwa kaskazini ya ikweta, meli nyingi zaidi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji. Miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo Wamakua. Huko Rio wote walibandikwa jina moja la "Moçambique", bila kujali kabila. Wengi walishushwa kwenye gati la Valongo, lililojengwa 1811. Mabaki yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2017.

Hilo ni tofauti na kusema chakacha au msondo ndiyo mama wa samba. Dai hilo halina ushahidi. Zinafanana kwa sababu zimetoka katika ulimwengu mmoja wa ngoma za Kibantu, kama watoto wa mashangazi wanavyofanana pua.

## Bahia: ngoma ya duara

Samba de roda huchezwaje?

Makazi yake ni Recôncavo, nchi ya miwa na tumbaku inayoizunguka Ghuba ya Watakatifu Wote: Santo Amaro, Cachoeira, São Félix, Saubara, Maragogipe. UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwetu sisi hapa ndipo mtu anapopaswa kuanzia kuielewa samba, kabla hajaangalia manyoya na magari ya Rio.

Hatua inaitwa *miudinho*, maana yake ni "kidogo kidogo", na jina limeielezea vizuri. Nyayo zote mbili ziko chini, karibu sambamba, unyayo mzima umegusa udongo. Mguu mmoja unateleza mbele kiasi cha upana wa vidole viwili, unarudi, na mwingine unapokea. Aliyesimama mbali haoni mguu ukiondoka. Anaona mwanamke amevaa sketi pana anaelea ndani ya duara kana kwamba ardhi ndiyo inayomsogeza. Kiuno kinatikisika, lakini kinatikiswa na miguu. Akimaliza mzunguko wake huenda mbele ya mwenzake na kumpa umbigada.

Vyombo ni ngoma, tari (*pandeiro*), gitaa dogo liitwalo *machete*, na kimoja cha jikoni: sahani na kisu. Mpigaji hushika sahani kwa mkono mmoja, akaikwaruza ukingoni kwa mgongo wa kisu, mbele na nyuma, na ule mkwaruzo mwembamba ndio unaoshikilia kasi ya wote. Duara hupiga makofi. Jaribu mwenyewe: hesabu moja hadi nane kwa mwendo ulio sawa, piga kofi kwenye moja, nne na saba, kisha rudia bila kusita. Ukiweza kufanya hivyo dakika tatu huku unazungumza na mtu, sikio lako liko tayari.

Kwa nini wakati mwingine hakuna anayecheza wakati wa kuimba?

Hapo umekuta *samba chula*. Katika chula, waimbaji wanapotoa beti zao duara linasikiliza. Mchezaji huingia wimbo ukinyamaza na vyombo vikabaki peke yake, tena mmoja kwa zamu. Katika *samba corrido* kuimba na kucheza huenda pamoja na mambo ni huru zaidi. Mgeni anayerukia katikati ya chula huonekana amemkata mtu kauli.

Samba ni ibada?

Si ibada, ila inaishi jirani na ibada. Walioilea walikuwa pia watu wa *candomblé*, dini yenye asili ya Afrika Magharibi na Kati, na ngoma za hekaluni zina nyimbo na sheria zake. Samba hufuata baada ya hapo, watu wakishakula. Mfano unaojulikana ni Septemba, siku za watakatifu Kosma na Damiano: hupikwa *caruru* ya bamia na mawese, watoto hula kwanza, kisha duara la samba hufunguliwa uani.

## Rio: kutoka uani hadi barabarani

Samba ilifikaje Rio de Janeiro?

Kwa miguu ya wahamiaji. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watu weusi wengi wa Bahia walihamia Rio, mji mkuu wa wakati huo, kutafuta kazi bandarini na sokoni. Walijazana karibu na bandari, kisha Cidade Nova na Praça Onze, eneo lililokuja kuitwa Afrika Ndogo.

Wanawake wa Bahia waliheshimiwa huko kwa jina la *tia*, yaani shangazi. Maarufu kuliko wote ni Tia Ciata, jina lake kamili Hilária Batista de Almeida, aliyezaliwa Bahia 1854 na kufariki Rio 1924. Aliuza vitafunwa mtaani akiwa amevaa vazi la Kibahia, na nyumba yake ilikuwa kituo cha wanamuziki. Wanahistoria huieleza nyumba hiyo kwa vyumba vyake: sebuleni dansi la kistaarabu la kuwaonyesha wageni, chumba cha nyuma samba, uani ngoma za dini. Mpangilio huo ulikuwa kinga. Askari akipita dirishani aliona dansi la heshima.

Ni kweli samba ilipigwa marufuku?

Hapakuwa na sheria iliyotaja samba kwa jina. Palikuwa na sheria ya uzururaji katika kanuni ya adhabu ya 1890, na polisi waliitumia kwa mtu mweusi aliyekutwa na ala ya muziki mtaani. Kisa cha mwanamuziki João da Baiana kinajulikana: polisi walimnyang'anya pandeiro yake, na seneta Pinheiro Machado akampa nyingine iliyoandikwa jina la mtoaji, ambayo tangu hapo ilimlinda kuliko cheti chochote.

Mageuzi ya jiji ya 1903 hadi 1906 yalibomoa nyumba za wapangaji maskini katikati ya mji na kuwasukuma wengi vilimani. Ndiyo maana shule kongwe za samba zina majina ya vilima na vitongoji.

Wimbo wa "Pelo Telefone" ndio samba ya kwanza?

Ni ya kwanza kupata umaarufu mkubwa ikiwa imeandikwa "samba" kwenye lebo. Mwanamuziki Donga aliisajili Maktaba ya Taifa mwaka 1916, na ikatamba kwenye kanivali ya 1917. Wengi walilalamika kwamba ilitungwa na kundi zima nyumbani kwa Tia Ciata, na malalamiko yao yana uzito. Isikilize leo utaona mdundo wake bado uko karibu na *maxixe*, dansi la wawili lililotangulia Rio. Samba tunayoitambua ilikuja miaka kumi baadaye, mtaa wa Estácio (endelea swali linalofuata).

"Shule ya samba" hufundisha nini?

Haina madarasa wala madawati. Ni chama cha mtaa kinachojiandaa mwaka mzima kwa maandamano ya kanivali. Jina linahusishwa na Deixa Falar, kundi la Estácio lililoanzishwa 1928 na Ismael Silva na wenzake. Walikuwa jirani na chuo cha ualimu, nao wakajiita shule kwa kuwa wao walikuwa walimu wa samba.

Walikuwa na tatizo la kiufundi: samba ya mtindo wa maxixe inafaa ukumbini, lakini haitembei. Ukiwa na mamia ya watu barabarani unahitaji mdundo wa kuwasukuma mbele. Bide, mmoja wao, alichukua debe kubwa la siagi, akawamba ngozi, na hiyo ikawa *surdo*, ngoma ya besi ambayo hadi leo ndiyo moyo wa kikosi cha wapigaji, *bateria*.

Mtu anayezijua habari za beni ya Lamu na Mombasa ataelewa haraka: vyama vyenye rangi zake, mfalme na malkia wake, mavazi yaliyoshonwa kwa michango, na mpinzani wa kumshinda. Shule ya Mangueira, ya kijani na waridi, ilianzishwa 1928 na ndiyo iliyoshinda mashindano ya kwanza, 1932, Praça Onze, yaliyoandaliwa na gazeti la michezo. Mwaka 1935 jiji liliyatambua rasmi. Serikali ya Getúlio Vargas ikaipenda samba kama alama ya taifa, redio ikaieneza, na ngoma iliyofukuzwa na askari ikageuka kadi ya utambulisho wa nchi.

Mashindano ya Rio huamuliwaje?

Uwanja ni Sambódromo, barabara ya takriban mita 700 yenye majukwaa pande mbili, iliyosanifiwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa 1984. Tangu 2025 shule 12 za daraja la juu hupita kwa usiku tatu, nne kila usiku, na kila moja hupewa dakika 70 hadi 80. Dakika moja ya kuchelewa hukatwa sehemu moja ya kumi ya alama, na ubingwa umewahi kuamuliwa kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Majaji huangalia mambo tisa: bateria, wimbo wa mwaka, upatanifu wa uimbaji, mwendo wa msafara, hadithi, magari ya mapambo, mavazi, kikosi cha mbele, na wenzi wa bendera. Panapoharibika mara nyingi ni kwenye mwendo. Gari likikwama, walio mbele wanaendelea, walio nyuma wanasimama, na pengo linafunguka mbele ya meza ya majaji. Halizibiki kwa kukimbia, maana kukimbia nako kunakatwa alama.

## Kucheza

Hatua ya msingi ya samba no pé ni ipi?

Ni kuhamisha uzito mara tatu kwa kila pigo kuu la surdo, kisha upande mwingine unarudia. Hesabu yake: "na-a-MOJA, na-a-MBILI".

Simama miguu ikiachana kidogo, magoti yamelegea, uzito kwenye sehemu ya mbele ya nyayo, kifua juu. Peleka mguu wa kulia nyuma kidogo, ukiugusia kwa mbele ya unyayo tu ("na"). Hamishia uzito mguu wa kushoto palepale ulipo, ukiuburuta nukta moja ("a"). Rudisha wa kulia karibu na wa kushoto na uuketishe chini wakati surdo inapiga ("MOJA"). Sasa uzito uko kulia, wa kushoto uko huru, nao unakwenda nyuma. Kulia-kushoto-kulia, kushoto-kulia-kushoto. Siri iko kwenye lile pigo la tatu: likae sekunde ndogo kabla hujaanza jingine. Ukiyasawazisha yote matatu utakuwa unapiga mchakamchaka.

Anza bila muziki, peku, juu ya sakafu laini, dakika kumi kwa siku. Kisha tumia *pagode* ya polepole (tazama swali la pagode). Nyimbo za kanivali hukimbia kwenye mapigo 140 na zaidi kwa dakika. Usiziguse mpaka miguu ikumbuke njia yenyewe.

Kiuno changu hakiyumbi. Nifanye nini?

Kiache. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwa wanaotoka kwenye chakacha au ngoma nyingine za kukata kiuno, ambako kiuno ndicho kinachoongoza na miguu inafuata. Samba ni kinyume: goti likinyooka kidogo nyonga ya upande huo inapanda, likikunjwa inashuka, na kwa kuwa unabadili mguu mara tatu kwa kila pigo, nyonga inatikisika pasipo kuamriwa. Ukiisukuma kwa makusudi inachelewa nusu pigo, unakaza mgongo, na kesho yake unaumwa kiunoni.

Dalili nyingine na sababu zake. Mifupa ya mbele ya miguu inauma: unainua vidole, nyayo hazitelezi. Unasogea nyuma bila kutaka: hatua ya "na" ni kubwa mno, ipunguze iwe nusu ya unyayo. Kichwa kinaruka juu na chini: magoti yamenyooka. Jitazame kwenye kioo. Kichwa kinapaswa kwenda kwenye mstari mmoja, kama cha mama aliyebeba ndoo ya maji.

Pigo la kwanza ni lipi? Mimi husikia zito likija la pili.

Umesikia sawasawa. Samba huhesabiwa mbili mbili, na surdo nzito kuliko zote hupiga kwenye *mbili*. Surdo nyembamba hujibu kwenye *moja*. Sikio lililozoea muziki unaoegemea pigo la kwanza hugeuza hesabu, na mchezaji akajikuta yuko upande usio wake. Mangueira ina desturi yake: surdo hiyo nzito hupiga pasipo ya kuijibu, na ndiyo maana wanaoijua huitambua bateria yake hata wakiwa hawaioni.

Lazima manyoya na visigino?

Hapana. Hayo ni mavazi ya wachezaji wa maonyesho, *passistas*, wakati wa kanivali. Jifunzie peku au kwa viatu vya soli laini inayoteleza. Raba za kukimbilia hushika sakafu na goti ndilo linalolipa. Ukifikia visigino, chagua vyenye soli nene mbele, ili mguu usilale sana.

Wanaume huchezaje?

Hatua ni ile ile, nyonga ikiwa tulivu zaidi. Mwanamume huongeza mchezo wa miguu: kuzunguka, kuvuka miguu, kujifanya anaanguka na kujidaka. Mavazi ya kofia ya ukili na suti nyeupe yanatokana na *malandro*, mjanja wa mitaa ya Rio ya zamani.

Samba de gafieira ni nini?

Ni samba ya wawili, mrithi wa maxixe, iliyolelewa kwenye kumbi za dansi za watu wa kawaida za Rio ziitwazo *gafieira*. Hesabu yake ni fupi, fupi, ndefu. Wachezaji hushikana karibu, mwanamume huongoza kwa kifua zaidi kuliko mikono, na miguu huingiliana: kuna kunasa mguu, kukatisha, na kumtoa mwenzako nje kisha kumrudisha. Aliyejifunza samba no pé asidhani keshaimaliza. Ni somo jingine kabisa.

## Kuenea

Samba ilitokaje Brazil?

Maxixe ilitangulia, ikachezwa Paris kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1922 kundi la Oito Batutas, akiwamo Pixinguinha, lilipiga Paris kwa miezi kadhaa. Mwaka 1939 Carmen Miranda, mzaliwa wa Ureno aliyekulia Rio, alikwenda New York na baadaye Hollywood. Kilemba na shanga zake vilikuwa vazi la wanawake weusi wa Bahia, wale wale akina Tia Ciata, likiwa limepambwa kwa matunda. Dunia ilimjua yeye. Wenye vazi hawakutajwa. Tunaona ni haki kuwataja kila linapoonekana.

Baadaye zikaja shule za samba nje ya Brazil. Tokyo ina kanivali ya samba ya Asakusa tangu 1981, na Coburg, Ujerumani, ina tamasha tangu 1992. Shule hizi hupiga na kushona zenyewe.

Samba ya mashindano ya ukumbini ina tofauti gani?

Ni moja ya dansi tano za Kilatini za mashindano ya kimataifa, pamoja na cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Kanuni ziliandikwa Ulaya. Kasi ni baa 50 hadi 52 kwa dakika. Hesabu yake ya kawaida ni "moja-a-mbili", ambapo hatua ya kwanza huchukua robo tatu ya pigo, ya pili robo, ya tatu pigo zima. Jozi huzunguka ukumbi, na magoti hupanda na kushuka kwa makusudi, jambo ambalo samba no pé hulikataza (tazama swali la kiuno). Majina kama *botafogo* na *corta jaca* yamebaki ya Kireno. Inahitaji ustadi mkubwa na tunaiheshimu, lakini usiende Rio ukatarajia kuikuta mtaani.

Iliwahi kurudi Afrika?

Ndiyo, pamoja na watu. Katika karne ya 19 maelfu ya waliokombolewa Brazil walirudi Lagos, Porto-Novo na Ouidah, ambako huitwa Aguda. Lagos kuna ngoma ya fremu ya pembe nne iitwayo *samba*, inayohusishwa nao, na baadaye iliingia kwenye muziki wa juju wa Nigeria. Mindelo, Cape Verde, nako kanivali imefuata sana mtindo wa Rio.

## Yanayotatiza

Bossa nova huchezwa kwa hatua za samba?

Bossa nova, iliyochomoza 1958, ilichukua mdundo wa samba na kuukabidhi gitaa moja na sauti ya chini. Ni muziki wa kukaa na kusikiliza. Hatua za samba zitaingia kwa hesabu, ila utajihisi unapiga kelele maktabani.

Na pagode?

Pagode ni samba iliyorudi uani. Miaka ya 1970, kwenye mikusanyiko ya Cacique de Ramos, chama cha kanivali huko Rio, kundi la Fundo de Quintal liliweka kando surdo nzito na kutumia *tantã* ya kupigwa kwa mkono, *repique de mão* na banjo. Wapigaji huizunguka meza, watu huwazunguka wao, na duara la Bahia limerudi tena kwa sura nyingine.

Ngoma za Olodum ni samba ya Rio?

Ni samba-reggae, ya Salvador, Bahia. Ilikua miaka ya 1980 kutoka kwa vikundi vya watu weusi kama Ilê Aiyê, kilichoanza 1974, na Olodum, cha 1979. Kasi ni ndogo, surdo ni nyingi na zinasemezana, na uchezaji ni wa mikono na mabega, wote kwa pamoja.

Kwa nini wenzi wa bendera hawachezi samba?

Kwa sababu kanuni haziwaruhusu. *Porta-bandeira*, mwanamke anayebeba bendera ya shule, na *mestre-sala* anayemlinda, hucheza dansi la adabu kwa mdundo wa samba: yeye huzunguka kulia na kushoto, bendera ikiwa imekunjuka wazi, naye mwenzake humzingira bila kumpa mgongo. Bendera ikijisokota kwenye mlingoti au ikimgusa mwenzake usoni, alama hupungua. Wakianza miguu ya passista mbele ya majaji, hupungua vilevile.